Chumvi Niliyotia Kwenye Barafu

Damu ikigeuka nyeupe mbele ya macho yako, usishtuke. Hapo ndipo umeanza kuijua kazi. Nawaambia ninyi vijana mnaoingia maabara siku hizi, mnaotia tone moja kwenye mashine mkangoja karatasi itoke yenyewe. Sisi tulikuwa tukiiosha damu. Ndiyo, kuiosha, kama mchele, maji baada ya maji, mpaka wekundu wote uishe na libaki ganda.

Nilifanya kazi hiyo Kilifi, miaka ya themanini, katika nyumba ya utafiti ya vyumba vitatu ambayo ilikwisha kubomolewa. Jina langu ni Baya. Nilisoma mpaka darasa la sita, nikakata mkonge miaka mingi, nikaingia maabara nikiwa mtu mzima mwenye sugu viganjani. Niliingiaje? Hilo lazima niwaambie, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Nilikuwa na mwana, Katana. Alianza kutembea kama watoto wote, lakini alipofika umri wa kwenda shule akawa anaanguka ovyo. Vigimbi vyake vilikuwa vinene, watu wakamsifu, wakasema huyu atakuwa mcheza mpira. Kumbe ndani ya ule unene hamkuwa na nguvu. Akaacha kukimbia, akaacha kusimama, mwisho hata kikombe kikamshinda. Ugonjwa huo hula misuli ya wavulana, na mara nyingi huupata kwa mama ambaye mwenyewe haumwi kitu. Dada wa mgonjwa naye aweza kuubeba bila kujua, akaolewa, akamzaa mvulana wa hivyo.

Daktari Maina, mtafiti kutoka bara, alipofika kijijini kwetu Ganda akiwatafuta wavulana wa aina hiyo, Katana alikuwa na mwaka kaburini. Alinipa pole, akageuka kwenda zake. Nikamwambia kama hana tena kazi na mwanangu, huenda ana kazi ya kunipa mimi. Wiki iliyofuata nilikuwa naosha chupa zake. Sikumlilia Katana mbele ya watu. Niliosha chupa.

Alichokuwa akitafuta Daktari ni hiki. Chembe nyekundu ya damu imevikwa ganda jembamba, na kwenye ganda hilo mna vimeng'enya vyenye kazi zao. Kimoja ni kama pampu, hakilali, hutoa chumvi nje ya chembe usiku na mchana. Daktari alidhani kwamba ingawa ugonjwa huonekana kwenye msuli, kasoro yenyewe huenda iko kwenye maganda ya chembe zote za mwili, hata za damu. Kumkata mtoto kipande cha msuli ni kumtesa. Kumtoa damu ni jambo la dakika moja. Na kama pampu ya mgonjwa ni dhaifu, basi labda na ya dada yake anayeubeba ni dhaifu kidogo. Msichana angejua kabla hajaolewa. Mnaona kwa nini nilikuwa nafika kazini kabla ya mlinzi hajafungua lango. Nilikuwa na binti pia, Sidi, anayemfuata Katana.

Aliyenifundisha kazi hakuwa Daktari, alikuwa Bwana Mwadime, Mtaita mwembamba mwenye sauti ndogo, fundi wa maabara. Huyo hakuwahi kunigombeza. Alikuwa na adhabu mbaya zaidi, mzaha. Mashine ya kuzungusha damu hutaka kila mrija uwe na mwenzake wa uzito sawa upande wa pili, wakitazamana. Ukikosea, mashine hutetemeka na kutembea juu ya meza kama kuku aliyechinjwa. Mwadime aliweza kukaa barazani na chai yake, akasikia mngurumo tu, akaniita taratibu: "Baya, humo ndani kuna mke asiye na mume." Nikaizima mbio, na kweli, mrija mmoja nimeusahau peke yake. Mpaka leo nikisikia mashine ya kusaga nafaka najua kama mawe yake yamekaa sawa.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la sabuni. Tulikuwa tukiipima pampu kwa rangi: pampu ikifanya kazi huacha fosfeti, nasi tukitia dawa maji hugeuka samawati. Kadiri pampu ilivyo na nguvu ndivyo rangi inavyokoza. Mimi, kwa bidii ya mgeni, nikaisugua mirija yote kwa sabuni ya unga niliyonunua sokoni, ikang'aa. Siku ile kila mrija ulikuwa samawati kama bahari ya Watamu, hata ule usiotiwa damu. Mwadime akauinua kwenye dirisha, akautazama sana, akanipa mkono. "Hongera. Sabuni yako ni mzima wa afya." Kumbe sabuni ile ina fosfeti tele. Basi shikeni hili: mrija unaometa si lazima uwe safi. Tangu siku hiyo tuliosha kwa asidi, tukasuuza kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, wala si maji ya kisima, maana kisima chetu kimechimbwa kwenye matumbawe na maji yake yamejaa chokaa.

Na kulikuwa na kichupa kidogo cha dawa nyeupe, ambayo ukiitia kidogo pampu husimama palepale, ukajua sasa rangi ipi ni yake na ipi si yake. Nilimuuliza Daktari imetoka wapi. Akasema hutolewa kwenye mti fulani wa Afrika, akaueleza majani na matunda. Nikacheka mpaka nikaketi. Ni mti ambao babu zetu Wagiriama walipatia utsungu, sumu ya mishale. Babu yangu aliwaangusha nyati kwa hicho ambacho Daktari amekiagiza ng'ambo kwa posta. Bwana Mwadime alisogeza kiti chake mbali, akasema kuanzia leo Baya hapiki chai. Lakini niliona fahari, siwafichi. Nilikuwa nimeingia mahali pa wasomi nikamkuta babu yangu amefika kabla yangu.

Nilipojua kuosha vizuri, Daktari akanipa na kazi ya kuifuata damu. Wagonjwa walikuwa mbali, kaskazini, Ganda na Malindi na Sabaki, na wengine Watamu. Nilipanda basi la alfajiri na sanduku la baridi. Muuguzi wa zahanati alifuatana nami nyumba kwa nyumba, akatoa damu ya mgonjwa, ya mama, ya dada. Jioni nikarudi nayo Kilifi. Damu za watu wazima wenye afya, za kulinganisha, tulizitoa palepale Kilifi kwa walinzi, makarani na watu wa jirani.

Barafu nilinunua Malindi, kwenye ghala la samaki. Mwenye ghala, Bakari, alinitazama siku ya kwanza nikipanga mirija yangu, akanihurumia. Akaniambia barafu bila chumvi ni maji yanayongoja. Nguru wake wa kwenda Mombasa huwafukia kwenye barafu iliyochanganywa na chumvi ya mawe, wanafika wamekakamaa kama magogo. Akanipa hekima hiyo bure, pamoja na konzi mbili za chumvi. Nikafanya vile. Jioni nilipofungua sanduku mbele ya Daktari, baridi ilitoka kama moshi. Akatia mkono, akautoa haraka, akasema, "Baya, wewe ni fundi." Sikumwambia habari ya chumvi. Si kwamba nilimficha. Nilitaka fundi awe na siri yake ndogo, kama wapishi.

Damu ile ya mbali ilikuwa na jambo moja. Ukiizungusha, maji yanayopanda juu ya chembe huwa rangi ya samli. Haya yalikuwa yanatoka mekundu kama sharubati, maana yake chembe zimepasuka kabla ya wakati. Nilimwonyesha Daktari. Alifurahi. Alisema ndivyo alivyotarajia, maganda ya watu hawa ni dhaifu, yanapasuka yenyewe. Na vipimo vikamkubalia: wagonjwa chini, mama zao chini, dada zao wengine chini, na wazima wa Kilifi juu, kama ngazi iliyopigwa misumari. Alianza kuandika. Hata Bwana Mwadime, mtu asiyesifu kitu, alisema namba nzuri.

Kule Sabaki, karibu na mlango wa mto, kulikuwa na nyumba ya Bi Khadija, watu wa visiwa vya kaskazini, wavuvi. Mwanawe mmoja alikuwa anaumwa kama Katana wangu. Binti yake Amina alikuwa ameposwa, na upande wa mume walikuwa wamesikia habari za yule ndugu, wakaomba kujua. Bi Khadija akapanda basi mpaka Kilifi kuuliza. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo nilipomsikia Daktari akimwambia, kwa upole sana, kwamba damu ya Amina iko chini, na kwamba kwa namna wanavyoona, anaubeba. Mama yule hakulia. Alifunga vizuri mtandio wake, akasema Alhamdulillahi kwa yote, jibu atalipeleka kwa watu wa mume baada ya swala ya Ijumaa, wiki ya pili kutoka hapo.

Na Sidi wangu? Sidi naye alikuwa ameposwa, na siku hizo alikuwa Kilifi akijifunza kushona. Alitolewa damu mezani petu na ikaoshwa saa ileile. Ilitoka juu kabisa, safi. Siku ya Jumapili nikaenda kwa wazee wa upande wa mchumba wake nikawaambia, damu ya mwanangu imepimwa kwa mashine, haina kitu. Tukanywa tembo la mnazi. Nilirudi Ganda nikiwa nimenyoosha mgongo.

Siku mbili baadaye nilikuwa Sabaki tena. Daktari alikuwa ameomba damu zaidi za wazima, nikaona uvivu kumtafuta mtu, nikamwambia muuguzi anitoe mimi. Damu yangu ikasafiri sandukuni na zingine. Kesho yake Bwana Mwadime alisoma namba, akanitazama juu ya miwani. "Kwa hesabu hii, Baya, ulipaswa kubebwa kwenye kiti." Nilikuwa chini kuliko kijana wa Bi Khadija. Mimi niliyepandisha matita ya mkonge kwenye lori. Daktari akasema pengine nimekosea kuandika majina. Nikajua sikukosea. Mtu wa darasa la sita huandika polepole.

Jumamosi nikamwomba Mwadime anitoe damu, mirija mitatu, mkono mmoja. Hakuuliza sababu. Mmoja niliuosha papo hapo. Wa pili niliuweka kwenye barafu tupu, nikauzungushia kitambaa, ukakaa muda wa safari ya Malindi. Wa tatu niliulaza kwenye barafu yenye chumvi, muda uleule. Miwili ya kwanza ilitoka rangi ya samli. Wa tatu ulitoka mwekundu, na pampu yake ilikuwa chini.

Barafu yenye chumvi hushuka baridi kuliko barafu ya kawaida. Samaki hupenda. Chembe ya damu huganda ndani na kupasuka. Hatukuwa tumepima ugonjwa. Tulikuwa tumepima umbali wa nyumba ya mtu na Kilifi, na konzi zangu mbili za chumvi.

Nilikaa na mirija ile mitatu mapajani. Sitawadanganya kwamba niliinuka mara moja. Nilifikiri hivi: nikisema, namba ya Amina inafutika, na hiyo ni heri. Lakini ya Sidi inafutika pia. Sidi hakuwa safi, alikuwa karibu na maabara tu. Na mimi nimekwisha kunywa mnazi juu ya neno hilo.

Jumatatu nikamweleza Daktari yote, na mirija nikaipanga mbele yake. Aliisikiliza habari ya Bakari na nguru wake mpaka mwisho. Kisha akauliza ni safari ngapi zilizotiwa chumvi. Nikasema zote. Akavua miwani, akaiweka juu ya karatasi alizokuwa akiandika, nami nikangoja kufukuzwa. Akasema, "Nilitia mkono kwenye lile sanduku. Nilipaswa kuuliza." Akanipa kitabu cha vipimo na rula. Akaniagiza nipige mstari mmoja juu ya kila namba iliyoharibika, mstari mwembamba, ili atakayekuja aweze kuisoma. Kufuta ni kuficha, alisema. Siku ile nilipiga mistari mpaka adhuhuri.

Tulirudia kila kitu kwa barafu tupu, wazima nao tukawatoa kulekule mbali wasafiri kama wagonjwa. Ilituchukua miezi. Ngazi ikaanguka. Wagonjwa na wazima wakachanganyika kama choroko na kunde kwenye ungo mmoja, huwezi kuchagua. Daktari akaandika hivyohivyo, kwamba kwa njia hii hakuona tofauti ya kumwambia msichana chochote. Miaka ilipopita wataalamu wa mbali walikuja kuikuta kasoro yenyewe kwenye msuli. Sisi tulikuwa tumefunga mlango mmoja usiokuwa na kitu ndani, na mlango uliofungwa vizuri ni kazi, wanangu.

Lakini Ijumaa ya Bi Khadija haikungoja miezi. Daktari alitaka kuandika barua. Nikamwambia barua husomwa na jirani, acha niende. Alhamisi nilikuwa Sabaki.

Amina mwenyewe ndiye aliyenifungulia. Shikamoo yake ilikuwa ya chini sana. Akaniwekea mkeka barazani, mama yake akaketi kando ya yule kijana, akimpepea. Nikaeleza habari ya chumvi tangu mwanzo. Bi Khadija, mke wa mvuvi, aliielewa upesi kuliko Daktari.

Amina akauliza, "Kwa hivyo sina?"

"Sijui, mwanangu. Nimekuja kukwambia kwamba hatujui."

"Si ungesema tu sina, mzee. Umeshafika mpaka hapa."

"Ningependa. Lakini nilishasema hivyo mahali pengine, na nikitoka hapa naenda kulirudisha neno langu."

Alinitazama sana. Kisha akamgeukia mama yake, akasema basi kesho wapelekewe hilohilo, na anayetaka kuoa aoe pamoja na hiyo 'hatujui' yake. Bi Khadija akasema msichana huyu ulimi wake utamtoa kwenye ndoa kabla hajaingia. Walicheka, hata yule kijana. Amina na mchumba wake walioana baada ya mfungo. Amejaaliwa mabinti watatu, kwa hivyo mpaka leo hakuna ajuaye.

Kutoka Sabaki nikashuka Malindi, nikaenda kwa wazee wa mchumba wa Sidi. Nilisimama, sikutaka kukaa nikapewa kitu cha kunywa. Nikawaambia neno nililoleta Jumapili ile nalichukua. Si kwamba anaubeba. Ni kwamba hakupimwa. Mzee mwenye nyumba akanishukuru kwa adabu zote, na kwa adabu hiyohiyo akanisindikiza mpaka njiani. Baada ya mwezi mjumbe alikuja kusema wamesitisha.

Sidi alinikuta nyuma ya nyumba. Hakupiga kelele. Aliniuliza ni kweli kwamba Sabaki nilikwenda kwanza, kwa watoto wa watu, ndipo nikakumbuka wakwe zake.

Nikasema ni kweli.

"Kwa nini, baba?"

"Kwa sababu kwao uongo ule ulikuwa unauma. Kwetu ulikuwa unapendeza. Nilihofia nikianza na wetu, nitaishia hapo."

Alikaa bila kusema nami majuma mengi, akinipa chakula na kunitazama begani. Sikumlaumu. Mambo ya aina hii huwa na mtu anayelipa, na mara nyingi si yule aliyekosea.

Kisha siku moja ya safari, nikiwa nyumbani kwetu Ganda na muuguzi, sanduku liko wazi na barafu tupu imefunikwa kitambaa, Sidi akatoka ndani. Alijua kwamba tunarudia damu zote. Alijua pia kwamba sitathubutu kumwomba. Akaburuta kigoda, akaketi mbele ya muuguzi, akakunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko.

"Na hii muiweke na wenzake," akasema. "Isafiri mbali kama zao."

Niliibeba mwenyewe mpaka Kilifi nikiwa nimelipakata sanduku magotini. Nikaiosha mara tatu, nikazipasua chembe zake kwa maji matupu, nikaiosha tena, mpaka maganda yakawa meupe. Namba ilipotoka, ilianguka katikati ya zingine, haikusema kitu. Nikaiandika kitabuni chini ya ile yake ya kwanza niliyoipigia mstari, polepole, nikamwita Bwana Mwadime aje aione hati yangu.